Mtaro wa Bibi na Mahandaki ya Bigo: Nani Anaamua Shimo Lilichimbwa kwa Sababu Gani?

Kwa bibi yangu, Mpepai, huko Mbinga, kuna mtaro unaozunguka nyumba, jiko la nje na kipande cha kahawa na migomba kilicho nyuma ya nyumba. Si mkubwa. Upana wake ni hatua moja, kina kinafika magotini, na masika ikikolea maji hutuama humo hadi vyura wanahamia. Nimeuruka mtaro huo tangu utotoni bila kuuliza kitu.

Likizo moja, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza masomo ya uzamili ya akiolojia, nikaona niulize. Kazi yetu wanaakiolojia ni kueleza mashimo yaliyochimbwa na watu waliokufa zamani. Sasa hapa kuna shimo ambalo walioona likichimbwa bado wapo hai, wanakunywa chai. Ni kama mtihani uliokuja na majibu yake nyuma ya karatasi. Rahisi, sivyo?

Nikaanza na bibi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Hivi huu mtaro babu aliuchimba wa nini?"

"Marahaba, mume wangu. Maji hayo. Tulipohamia hapa kutoka mlimani, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka jikoni, moto unazimika."

Baba mdogo aliposikia akacheka. "Maji? Mama anasahau. Huo ni mpaka. Baba alisema mtu akija na jembe lake aone pa kuishia." Shangazi naye akasema wote wawili wamekosea: mtaro ulichimbwa kwa sababu ya nguruwe wa majirani waliokuwa wanamaliza mihogo. Jioni nikamkuta mzee mmoja, rafiki wa babu tangu ujana, nikamuuliza na yeye. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Babu yako alikuwa mgeni hapa. Mgeni akichimba mtaro mzuri, ulionyooka, watu wanajua huyu ana ndugu wa kumsaidia kazi, na hana mpango wa kuondoka."

Mtaro mmoja, mashahidi wanne, sababu nne. Na mtaro wenyewe hauna hata miaka 50.

Basi fikiria handaki lililochimbwa miaka 600 iliyopita, lenye urefu wa kilomita, ambalo waliolichimba hawakuacha hata barua moja. Makala hii inahusu mahandaki ya aina hiyo, hasa ya Bigo bya Mugenyi nchini Uganda, na jinsi wasomi walivyogombana kuhusu kazi yake. Ugomvi huo unatugusa hata sisi wa Mbinga. Anayepata nafasi ya kueleza shimo lilichimbwa kwa nini, mara nyingi ndiye anayeamua ardhi ni ya nani na sifa ni ya nani.

Neno lenyewe linatupotosha

Tuanze na neno "handaki". Limetoka kwenye Kiarabu, khandaq. Wasomaji Waislamu watakumbuka Vita vya Handaki, Madina, mwaka 627: wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Salman al-Farisi ndiye aliyependekeza mji uchimbiwe handaki ili wapanda farasi wa Makka wasiweze kuvuka. Kwenye Kiswahili cha leo pia, ukisema handaki mtu anawaza askari na risasi. Yaani kabla hujaanza hata kuchunguza, neno limeshakupa jibu: hii ni vita.

Wasomi wa Ulaya nao walikuwa na mtego wao wa namna hiyo. Huko Uingereza kuna zaidi ya maeneo 5,000 ya zama za kati ambapo nyumba ilizungukwa na handaki la maji. Mengi yalichimbwa katika karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Nyumba hizo hazikuwa ngome za mfalme. Nyingi zilikuwa makazi ya mabwana wa ardhi wa kawaida: mtu mwenye mashamba, wapangaji wanaomlimia, ng'ombe, na jina linalojulikana katika vijiji vitatu vinne. Moja iliyosimama hadi leo ni Ightham Mote, kule Kent, iliyoanza kujengwa katika karne ya 14. Ukiiona picha yake, nyumba inaonekana kama imekaa juu ya maji.

Kwa muda mrefu watu waliamini mahandaki hayo yalichimbwa kwa ajili ya kujilinda. Lakini wachunguzi walipoanza kupima na kuchimba, mambo yakawa mengi. Mahandaki mengi hayakuwa mapana vya kutosha kuzuia jeshi. Mengi yapo kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, ambao ukichimba shimo maji yanakaa yenyewe, na nyumba inayojengwa hapo bila mtaro inaloa miguu. Baadhi ya mahandaki yalifugiwa samaki. Yalisaidia kuzuia mwizi wa usiku na mifugo inayozurura. Na zaidi ya yote, yalionekana. Waheshimiwa wakubwa walikuwa na ngome zenye maji, kwa hiyo bwana mdogo wa kijijini naye akachimba lake, ili mgeni akifika mlangoni lazima avuke daraja na ajue amefika kwa mtu.

Unaona? Maji, mpaka, mifugo, heshima. Ni majibu yale yale manne niliyopewa Mpepai, tofauti ni kwamba wenzetu yaliwachukua miaka mingi ya utafiti.

Ngome ya mgeni, ukingoni mwa Katonga

Sasa tuje Afrika Mashariki. Je, na sisi tulikuwa na makazi ya wakubwa yaliyozungukwa na mahandaki katika karne hizo? Tulikuwa nayo, na kwa ukubwa yanaziacha mbali nyumba za mabwana wa Kiingereza.

Bigo bya Mugenyi iko wilaya ya Sembabule, magharibi mwa Uganda ya kati, kusini mwa mto Katonga. Katonga si mto wa kasi. Sehemu kubwa ni kinamasi kilichojaa mafunjo. Jina la mahali lenyewe linatafsirika kama "ngome ya mgeni". Mswahili hahitaji kamusi hapo: mugenyi ni mgeni. Nilipolisoma mara ya kwanza nikakumbuka maneno ya yule mzee kuhusu babu.

Ukiyaunganisha mahandaki ya Bigo yote unapata zaidi ya kilomita 10. Kuna handaki la nje, refu, ambalo pamoja na kinamasi cha Katonga linafunga eneo kubwa la malisho. Ndani yake, juu ya kilima, kuna mahandaki mengine yanayozunguka sehemu ndogo zaidi. Pale mahandaki yalipo na kina kirefu, mtu mzima akisimama ndani haonekani kutoka nje. Mahali pengine wachimbaji walikutana na mwamba, na badala ya kukata tamaa wakaukata. Hawakuwa na baruti wala greda. Walikuwa na majembe ya chuma, vijiti, vikapu, na mikono.

Hebu tufanye hesabu ya mkono, kwa mfano tu. Tuseme handaki lina urefu wa mita 10,000, na kila mita moja ya urefu ilihitaji kuondoa mita 10 za ujazo za udongo. Hizo ni mita za ujazo 100,000. Tuseme mtu mmoja mwenye nguvu anachimba na kubeba mita moja ya ujazo kwa siku. Ni siku 100,000 za kazi. Ukiwa na watu 500, ni siku 200 bila kupumzika hata siku moja. Na watu hao 500 wanakula. Kuna mtu anapika, kuna mtu analeta maziwa na nafaka, kuna mtu ana sauti ya kuwaambia watu waache mashamba yao waje kuchimba. Kwetu Wamatengo kuna ngokela, kazi ya kusaidiana: leo mnalima kwangu, nawapikia na pombe ipo, kesho tunalima kwako. Lakini ngokela ya watu 500 kwa siku 200 si jambo la ujirani mwema tena. Hapo kuna mamlaka.

Waliochimba kitaalamu ni wachache. Mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika kuhusu Bigo mwaka 1934. Peter Shinnie alichimba mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960. Kutokana na vipimo vya kaboni 14, makazi ya Bigo yanawekwa takriban kati ya karne ya 14 na ya 16. Walichokikuta si dhahabu wala vyungu vya Uchina. Ni vigae vya vyungu vya kienyeji, vitu vichache vya chuma, na mifupa, ambayo kwa wingi ni ya ng'ombe.

Na Bigo haiko peke yake. Jirani yake ni Ntusi, makazi makubwa ya zamani zaidi, yaliyokaliwa kuanzia karibu karne ya 11. Huko kuna vilima vya takataka vilivyorundikana kwa vizazi, vyenye mifupa mingi ya ng'ombe wadogo, mawe ya kusagia nafaka, na shanga. Kaskazini zaidi kuna Munsa, ambako Peter Robertshaw alichimba miaka ya 1980 na 1990: kilima chenye miamba kilichozungukwa na duara za mahandaki. Kuna pia Kibengo, upande wa Ziwa Albert.

Je, ilikuwa ngome?

Jibu la haraka ni ndiyo. Handaki refu, mfalme ndani, maadui nje. Posnansky mwenyewe aliiona Bigo kama mji mkuu: sehemu ya ndani kabisa, yenye tuta, aliifananisha na makazi ya kifalme yaliyojulikana baadaye Ankole.

Lakini turudi kwenye hesabu. Handaki peke yake halizuii adui. Adui anaweza kushuka na kupanda, kama hakuna mtu juu anayemngoja na mkuki. Tuseme unaweka mlinzi mmoja kila baada ya mita 5. Kwa handaki la mita 200 linalozunguka nyumba ya bwana wa Kiingereza, unahitaji watu 40, yaani watumishi na majirani wanatosha. Kwa kilomita 10 unahitaji watu 2,000, wote wamesimama kwa wakati mmoja, usiku na mchana. Wakishachoka unahitaji wengine 2,000. Na mahandaki ya Bigo yana mapengo, yaani njia za kupita zilizoachwa bila kuchimbwa. Mtu anayeogopa kuvamiwa haachi milango mingi.

Sasa chukua handaki hilo hilo, weka ng'ombe badala ya adui. Ng'ombe hapandi ukuta wa udongo wenye kimo cha mtu. Handaki halihitaji mlinzi kumzuia ng'ombe, linafanya kazi hata mchungaji akilala. Upande mmoja kuna kinamasi chenye maji na majani mabichi hata kiangazi. Mapengo yanakuwa na maana: ni mahali pa kupitisha makundi, na pa kuhesabia. Anayedhibiti mapengo anadhibiti malisho ya kiangazi, na katika nchi ya wafugaji, anayedhibiti malisho ya kiangazi ndiye mkubwa.

Kuna maelezo mengine pia. Kwa Munsa, imependekezwa kwamba baadhi ya mahandaki yalikinga mazao dhidi ya wanyama wakubwa wa porini. Ukilima karibu na msitu wenye tembo, pendekezo hilo halichekeshi hata kidogo. Muulize mkulima yeyote wa Ruvuma anayepakana na hifadhi.

Na heshima je? Hapo ndipo wengi wetu tunaposahau kwamba sababu hazifukuzani. Handaki lililochimbwa kutunza ng'ombe linaweza pia kumwambia mgeni kuwa aliyeamuru kazi hii ana watu wengi nyuma yake. Bibi, baba mdogo, shangazi na yule mzee: hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Kila mmoja aliniambia sababu aliyoiona kutoka mahali alipokuwa amesimama. Bibi alikuwa jikoni. Shangazi ndiye aliyekuwa anafukuza nguruwe.

Waliponyang'anywa waliochimba

Kuna sehemu ya hadithi hii inayouma kidogo.

Wazungu walipofika eneo la Maziwa Makuu katika karne ya 19, walikuta falme zenye utaratibu: Bunyoro, Buganda, Nkore. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alieleza kwamba watawala wa huko lazima walitokana na watu waliokuja kutoka upande wa Uhabeshi. Ushahidi wake haukuwa wa kuchimba chini. Alitazama sura za watu, akatunga nadharia, na nadharia hiyo ikawa maarufu: kila kitu kikubwa kilichopatikana ndani ya Afrika kiliundwa na mgeni mwenye rangi nyeupe zaidi.

Wenyeji nao walikuwa na masimulizi yao: habari za Wachwezi, watawala wa ajabu kama Ndahura na Wamara, waliotawala kwa muda mfupi kisha wakatoweka, na ambao hadi leo wanakumbukwa kama mizimu yenye nguvu. Masimulizi hayo yakaunganishwa na Bigo. Wageni waliposikia kuhusu watawala waliotoweka, wakaona nadharia yao imepata miguu: Wachwezi ndio wale wageni weupe! Na jina "ngome ya mgeni" likaonekana kama ushahidi.

Kilichoiangusha nadharia hiyo ni vigae vya vyungu. Vyungu vya Bigo na Ntusi vilirembwa kwa njia inayojulikana vizuri eneo hilo: mfinyanzi anachukua kamba iliyosukwa au majani yaliyofungwa mafundo, anaiviringisha juu ya udongo mbichi, nayo inaacha alama zinazojirudia. Wafinyanzi wa Uganda na nchi jirani wameendelea kutumia mbinu hiyo hadi wakati wetu. Hakuna tabaka la vitu vya wageni chini ya mahandaki. Kuna vyungu vya watu wa pale, mifupa ya ng'ombe wa watu wa pale, mawe ya kusagia ya akina mama wa pale. Mgeni wa Bigo, kama alikuwepo, alikuwa mgeni kama babu yangu: mtu aliyehama kutoka mlima wa pili.

Wanahistoria bado wanabishana kuhusu Wachwezi, kama walikuwa wafalme wa kweli, miungu iliyogeuzwa kuwa wafalme kwenye masimulizi, au vyote viwili. Ubishi huo ni wa afya. Ule wa mwanzo haukuwa ubishi, ulikuwa unyang'anyi: watu walichimba kilomita 10 za udongo na mwamba, kisha sifa akapewa mtu mwingine kwa sababu msomaji wa shimo alishaamua kabla ya kushika sululu.

Tope lina kumbukumbu

Basi handaki linasomwaje bila kulilazimisha? Hapa kuna mambo manne ambayo hata wewe unaweza kuyajaribu kwenye mtaro wa kwenu.

La kwanza, angalia udongo ulitupwa upande gani. Mchimbaji akirundika udongo upande wa ndani, anapata tuta la kusimama juu yake na kumwangalia anayekuja. Akiurundika nje, labda hakuwa anawaza vita. Lakini usikimbilie, maana mvua za karne sita zinashusha tuta na kulirudisha shimoni.

La pili, likate kwa ubavu, kama unavyokata mkate, ili uone matabaka. Chini kabisa kuna udongo ulioporomoka miezi ya mwanzo. Juu yake tope la kipindi lilipotumika. Juu zaidi udongo wa kipindi lilipoachwa. Handaki likisafishwa, tabaka la chini linaondoka. Ndiyo maana kitu kinachopatikana chini ya handaki hakikwambii lini lilichimbwa, kinakwambia tu kwamba siku kilipodondoka, handaki lilikuwa wazi.

La tatu, tafuta mkaa na mifupa. Mmea ukiwa hai unavuta kaboni 14 kutoka hewani. Ukifa, kaboni hiyo inapungua taratibu, nusu yake inaisha kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa kupima kilichobaki tunakadiria umri. Ila kumbuka unapima umri wa mti, si umri wa shimo. Kipande cha mkaa cha zamani kinaweza kusombwa na maji kikaingia kwenye shimo jipya.

La nne, penda matope. Kwenye mahandaki ya maji ya Uingereza, tope lisilo na hewa limehifadhi viatu vya ngozi, mbao na mbegu za matunda. Kwetu, kazi hiyo hufanywa na vinamasi. Matope ya kinamasi cha Munsa yalichunguzwa chembe kwa chembe ili kujua misitu ilikatwa lini na watu walipanda nini, na yalizua ubishi mkubwa kuhusu lini ndizi zilifika Afrika. Handaki linaeleza kazi ya mwaka mmoja, kinamasi kilicho jirani kinaeleza maisha ya miaka elfu.

Turudi mlimani

Mtu wa nje akipita juu ya milima ya Umatengo kwa mara ya kwanza anaona miteremko imejaa mashimo, maelfu, yamepangwa kama sega la nyuki. Asiyejua anaweza kudhani watu walikuwa wanatafuta madini. Kumbe ni ngolo. Nyasi zinafyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana ili kufanya miraba, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kufunika nyasi. Nyasi zinaoza chini ya tuta na kuwa mbolea, na mvua inakaa shimoni badala ya kukimbia na udongo bondeni. Kijadi wanaume walifyeka na kupanga nyasi, wanawake wakachimba. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta hayo.

Wazee wanaunganisha kilimo hicho na historia ngumu. Wangoni walipofika upande wa Songea katikati ya karne ya 19, Wamatengo wengi walibanwa milimani, wengine wakajificha mapangoni. Watu wengi, ardhi ndogo, mteremko mkali: lazima ulime kwa akili. Kwa hiyo shimo la ngolo ni la kilimo, lakini pia lina habari ya vita ndani yake. Na huko mlimani ukoo ulikuwa na ntambo yake, kipande cha mlima kilichopakana na vijito. Bwana wa Kiingereza alichimba handaki ajizungushie maji. Sisi mlima ulitupa vijito bure, ndiyo ikawa mipaka.

Walipohamia Mpepai ambako ardhi ni tambarare zaidi, hakukuwa na kijito cha kumwambia jirani aishie wapi. Babu akachimba mtaro.

Na mtaro huo, miaka miwili iliyopita, ulileta kesi. Jirani alilalamika kwamba mtaro "umetembea". Alisema kila mwaka vijana wetu wakiusafisha wanakwangua upande wake, na sasa tumekula hatua nzima ya shamba lake. Baba mdogo akakasirika. Mtaro ni wa babu, upo palepale tangu siku ya kwanza! Maneno yakawa makali, watu wakaacha kusalimiana njiani. Zamani jambo kama hilo lingezungumzwa kwenye sengu, baraza la ukoo ambapo watu walikula pamoja na wazee kuamua. Safari hii wazee wa pande zote mbili waliitwa kwenye mtaro wenyewe, na mimi nilikuwepo.

Mzee mmoja, aliyeishia darasa la nne, akaomba jembe. Hakuuliza mtu kitu. Akaukata mtaro kwa ubavu mahali pamoja, taratibu, akiingia upande wetu. Baada ya muda udongo ukabadilika. Mwekundu mgumu ukaisha, ukaja mweusi, laini, wenye vipande vya majani yaliyooza. Ulikuwa umekaa kwa umbo la mtaro. Chini yake kabisa akatoa kigae cha chungu na betri kuukuu ya redio, zile kubwa, imeshika kutu. Akaipangusa, akaiweka juu ya tuta ili wote waione.

"Mtaro wa mzee ulikuwa hapa," akasema. "Mtu anatupa betri mtaroni, hachimbi shimo aizike."

Nilisimama pale na shahada yangu nikiwa sina cha kuongeza. Alichofanya ni kile kile tunachofundishwa darasani kwa kamba, brashi na karatasi za grafu. Mtaro wa zamani ulikuwa upande wetu, hatua moja kasoro. Jirani alikuwa na haki. Hakuna aliyeiba kwa kukusudia. Ukisafisha mtaro kila mwaka ukiwa umesimama upande wako, jembe linauma upande wa pili kidogo kidogo, na upande wako unajaa. Baba mdogo alisema kweli kwamba mtaro ni wa babu. Jirani naye alisema kweli kwamba umetembea.

Nilitamani mtaro utupe ushindi. Ni tamaa ile ile inayomfanya mtu aitake Bigo iwe kasri la mfalme shujaa na si zizi kubwa la ng'ombe, kana kwamba zizi la kilomita 10 ni jambo dogo. Leo Uganda imeiweka Bigo kwenye orodha ya awali ya maeneo inayotaka yaingie Urithi wa Dunia wa UNESCO, na inastahili. Inastahili kwa sababu ya kazi iliyofanyika pale, hata kama jibu la mwisho ni malisho.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni muda wote, ananyamaza. Wazee walipomaliza akamwita baba mdogo.

"Kesho mkauchimbe pale pa zamani," akasema. "Na udongo mtupe huku kwetu."